Wageni wa Harusi Tuwapeleke Wapi?



Vijana wenzangu, matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa mara mbili, Jumapili ijayo ni ya tatu. Michango inakwenda, ukumbi upo. Kilichobaki kutunyima usingizi mimi na mchumba wangu ni swali ambalo kamati ililiona dogo: wageni wa upande wake wanaotoka Dar, karibu kilomita 700, watakaa siku tatu hapa Mandewa. Tuwatembeze wapi?

Sehemu rahisi tuliimaliza haraka. Jioni, Ziwa Singidani. Sisi watu wa Singida mjini tuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na tumeyazoea mpaka tunayapita bila kugeuza shingo. Mgeni atageuza, hasa akiwakuta heroe wamesimama majini. Halafu mawe. Mtu wa Dar hajazoea kuona mwamba mkubwa kuliko nyumba umekaa juu ya mwamba mwenzake, na mbuzi wamelala juu yake kama wako sebuleni. Mchumba wangu anapapenda pale kwa sababu upepo wetu ukivuma huwezi kuongea, mnakaa kimya tu. (Nadhani ndiyo maana alinichumbia palepale, asiulizwe maswali.) Halafu mashine ya kukamua alizeti, waone mafuta yakichuruzika na mashudu yakitoka upande wa pili. Na kuku wa kienyeji, hilo halina mjadala. Wengi wanaijua Singida kupitia dirisha la basi tu: kuku, vitunguu, chupa ya asali, safari inaendelea.

Sasa shida yenyewe. Mama mkwe wangu mtarajiwa alipiga simu akasema, "Mwanangu, hayo maziwa ni mazuri, lakini mimi nataka kuona ulikokulia."

Nilikulia kwa bibi, mama yake mama, kijijini nje ya mji, kwenye nyumba ya tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo. Bibi bado anaishi humo. Mama na wajomba waliposikia, walisema hapana kwa sauti moja. Bibi aletwe mjini, avae kitenge kipya, akae meza ya mbele. Mjomba mkubwa akaongeza: mgeni hupewa kilicho bora, na kumpeleka mkwe kwenye tembe ni kumdharau yeye na kumwaibisha mama yako.

Hoja ya mjomba si ya kubeza. Hata Ibrahimu pale Mamre hakuwapa wageni wake makombo. Alikimbia kundini akachagua ndama laini, na Sara akakanda unga mzuri. Lakini angalieni aliwakaribisha wapi: chini ya mti, karibu na hema lake mwenyewe. Hakwenda kuazima hema la jirani lenye sura nzuri zaidi. Chakula kilikuwa bora, na nyumba ilikuwa ya kwake. Mimi naona mjomba ameyachanganya hayo mawili.

Je, kuficha ni uongo? Si kila mara. Amri ya nane hainidai nimwoneshe mkwe madeni ya familia, wala nimsimulie ugomvi wa shamba. Kuna siri zinazolinda watu. Kanisa lenyewe lina sheria juu ya kuficha kwenye ndoa: kanuni namba 1098 inasema anayefunga ndoa akiwa amedanganywa kwa hila, ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake inayoweza kuvuruga sana maisha yao, hafungi ndoa halali. Tembe ya bibi haifiki huko, msinicheke! Lakini ukificha jambo, jiulize unamlinda nani. Nikificha nyumba ile, bibi halindwi hata kidogo. Atakaa meza ya mbele na kitenge chake kipya huku akijua kwamba mahali aliponilisha ugali wa uwele na mlenda miaka yote ile ni mahali pa kufunikwa. Hapo tumeshaitoka amri ya nane, tumegusa ya nne.

Mchumba wangu ndiye aliyeleta pingamizi zito kuliko la mjomba. "Tukiwapeleka watu thelathini na simu zao," alisema, "jioni ileile nyumba ya bibi iko kwenye magrupu, na watu wanaandika maneno ya huruma." Hilo lilinikaa. Kuna namna ya kumwonesha mgeni ukweli ambayo ni mbaya kuliko kuuficha, yaani kumfanya mzee wa watu kuwa kivutio cha utalii. Ziwa halijali kupigwa picha. Bibi anajali.

Halafu tukagundua kwamba katika vikao vyote hivyo hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba. Tukaenda wawili, Jumamosi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza wanakuja wangapi, na kama huyo mama anakula mlenda. Kisha akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo waje siku ya tatu, maana alizeti yake bado haijapigwa.

Basi tumepanga hivi. Wageni wote watakwenda ziwani, kwenye mawe na kwenye mashine. Siku ya tatu, baada ya Misa ya kwanza, mama mkwe na ndugu watano wa karibu watakwenda kwa bibi. Wanakwenda kula, si kutembezwa, na simu zitabaki kwenye gari. Mjomba amesema yeye hatakuwepo. Mama amekubali nusunusu: ametuma fundi akandike ukuta wa mbele. Hilo sikulipinga, na bibi amesema fundi akimaliza wa mbele aendelee na wa nyuma, ndiko mvua inakopigia.