Mkate Katika Ngao ya Mtawala



Watoto wetu wafundishwapo Sala ya Bwana, hufika kwenye ombi la nne, lile la riziki ya kila siku, wakasema kwa moyo maelezo ambayo Dakt. Martin Luther aliyaandika katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Hutaja chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba, shamba, mifugo na fedha. Kisha, kabla ya kufika kwenye hali njema ya hewa, na amani, na afya, na majirani wema, hutaja watawala waaminifu na serikali njema. Mtoto hupapita hapo mbio, maana aogopa kusahau yanayofuata. Na mwalimu naye hufurahi kwamba hakusahau, wakaendelea. Basi leo natupasimamie kidogo. Kwa nini serikali imetiwa katika kapu moja na chakula na viatu?

Luther mwenyewe alijibu mwaka ule ule, katika Katekisimo Kubwa. Wafalme wa nchi zile walizoea kuchora ngao zao alama za kutisha au za fahari, kama simba, au taji ya majani. Luther asema kwamba ingefaa zaidi mtawala mwema achorewe mkate katika ngao yake, tena mkate huo upigwe katika fedha zake, ili yeye akumbuke kazi yake, na watu wake wakumbuke kwamba kwa ulinzi wake wapata kula kwa amani. Maana shamba lililolimwa vizuri halimfai mtu kitu ikiwa mavuno huporwa njiani. Na mwenye haki hali mkate wake kwa raha ikiwa hakimu amekwisha kuinunua hukumu. Mungu ndiye atupaye mkate, lakini hupenda kuupitisha katika mikono mingi: mkono wa mkulima, wa msaga unga, wa mama jikoni, na wa yule aketiye penye kiti cha amri.

Nasi tuitazame ngao ya taifa la Tanzania, ile iliyo juu ya barua za serikali na juu ya mlango wa mahakama. Mkate haumo, lakini limo jembe, limepitana na shoka. Na chini, miguuni pa mwanamume pana mkarafuu, na miguuni pa mwanamke pana mpamba. Jirani zetu wa Kenya wameweka simba wawili wenye mikuki, hata Luther angekunja uso. Lakini chini ya simba hao yamo mahindi na chai na kahawa na mananasi. Sijui kama waliochora walikuwa wamesoma Katekisimo. Ila jembe lile lamhubiri kila afisa atiaye muhuri.

Maneno yenyewe tuyatumiayo katika mambo ya utawala yanatuhubiri vilevile, kama tungeyasikiliza. Wazee wetu waliosoma Biblia ya Dakt. Karl Roehl ya mwaka 1937 wakumbuka jinsi alivyojitahidi kutumia maneno ya Kibantu mahali pa yale yaliyotoka Uarabuni. Alikuwa na sababu zake. Lakini neno moja la Kiarabu lililobaki midomoni mwetu ni la thamani sana, nalo ni neno *raia*. Asili yake ni katika kuchunga. Raia ni kundi lichungwalo, wale ambao mwingine amekabidhiwa wawe katika ulinzi wake. Siku hizi twalitumia kwa maana ya mtu mwenye haki zake katika nchi, nayo ni maana njema. Walakini mizizi ya neno haikukauka. Anayemwita mtu raia amekiri, hata asipojua, kwamba yeye mwenyewe ni mchungaji, na kwamba kundi si mali yake.

Sasa fungueni Ezekieli sura ya 34. Siku zile wafalme wa Israeli waliitwa wachungaji, na nabii alitumwa kwao, si kwa makuhani tu. Neno lake ni kali: wachungaji hao wamejilisha nafsi zao, wamekunywa maziwa na kuvaa sufu na kuchinja walionona, bali mgonjwa hawakumponya, wala aliyevunjika hawakumfunga, wala aliyepotea hawakumtafuta. Katika lugha yetu hatusemi kwamba mtu ameiba fedha za kisima au za zahanati, twasema amezila. Lugha imenena kweli tupu. Fedha ile ilikuwa mkate wa kundi, naye mchungaji ameula. Mwalimu wa dini asemaye hayo katika mahubiri yake hajaingia katika mambo ya chama. Amesoma Ezekieli tu. Lakini na aseme kwa haki, akiyajua aliyoyasema kuwa kweli, asichukue uvumi wa sokoni akaupandisha mimbarini.

Huenda mtu akauliza, je, Paulo hakutuamuru kutii? Ndiyo, katika Warumi 13. Na aliyekuwa Kaisari wakati Paulo alipoiandika barua ile ni Nero, aliyetawala tangu mwaka 54 hata 68. Paulo hakungoja apatikane Kaisari mwema ndipo afundishe watu kulipa kodi. Lakini tazameni jina ampalo mtawala katika aya ya 4. Amwita mtumishi wa Mungu, na neno lile la Kiyunani ndilo lile lile ambalo Kanisa hulitumia kwa shemasi, yule ahudumuye mezani na kuwaangalia maskini. Katika aya ya 6 atumia neno jingine kwa watoza kodi, nalo ni ndugu wa neno tuliitalo liturgia. Basi mtoza ushuru penye kizuizi cha barabara, kwa macho ya Paulo, yu katika huduma! Nasi tumlipe kwa dhamiri njema, naye apokee kwa dhamiri njema, akiandika stakabadhi. Cheo cha mtawala katika Warumi 13 ni kikubwa sana, wala hakuna mahali pengine kilipoinuliwa hivyo. Lakini kimeinuliwa kwa kuitwa mtumishi. Anayekitaka kile kikubwa na akatae kile cha utumishi hajaipokea sura ile.

Neno la pili ni *kura*. Wasomaji wa Agano Jipya walijua kura kabla hapajakuwa na sanduku la kura katika nchi hii. Katika Matendo ya Mitume sura ya 1 wanafunzi walikuwa na pengo moja katika wale kumi na wawili. Wakawasimamisha watu wawili, wakaomba, wakapiga kura, nayo ikamwangukia Mathiya. Hiyo ilikuwa kura ya bahati, haina macho wala moyo, kwa hiyo wakamwachia Bwana aielekeze. Kura ya siku hizi hutoka katika mkono wa mtu mwenye akili, akiwa peke yake nyuma ya kitambaa, mahali asipoonwa na mume wala mke wala mwenyekiti wa chama. Ile ya zamani isingeweza kuulizwa kwa nini ilianguka upande huu. Hii ya sasa mwenyewe ataulizwa.

Nanena haya kwa sababu ya jambo lililo katika sharika zetu, nanyi mwalijua. Kila miaka mitano, majuma machache kabla ya uchaguzi, huja watu usiku wenye kilo ya sukari, au kanga, au noti moja iliyokunjwa. Wako washarika wapokeao, wakisema kwamba ni zawadi. Esau naye alipewa mkate na chakula cha dengu, akala, akanywa, akaondoka (Mwanzo 25). Sukari ile huisha kwa wiki moja. Miaka mitano hukaa miaka mitano. Na yule aliyenunua kura amekwisha kukulipa, hana deni kwako tena. Ukimwendea juu ya daraja lililovunjika, atakumbuka sukari. Msimwite mtu huyo mkarimu. Amenunua mkate wako wa mwaka kwa kipande cha siku moja.

Tena wako wengine, watu safi, ambao hawauzi kura, lakini huichukua hata Kanisani. Tangu mwaka 1992 Tanzania ilipokubali vyama vingi, yatukia katika mtaa mmoja washarika kugawanyika hata wakawa hawapeani mkono wa amani. Na wakati wa sala ya Kanisa, mchungaji aombeapo walio na mamlaka, mmoja hunyamaza kwa sababu aliyeshinda si wake. Ndugu yangu, ulisema Amina ya riziki yako; mbona waitoa serikali katika kapu? Mtume amwagiza Timotheo watu waombe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, ili tukae kwa utulivu (1 Timotheo 2). Hakuongeza: wale mliowachagua. Na Yeremia aliwaandikia mateka waliochukuliwa Babeli, mikononi mwa mfalme aliyewateka, wautakie amani mji ule na kuuombea (Yeremia 29). Kumwombea mtawala si kumsifu. Mara nyingine asiyefaa ndiye ahitajiye zaidi.

Neno la *siasa*, watu hulichukia kana kwamba ni tusi. Wazee wa pwani walikuwa wakisema, fanya kwa siasa, maana yake kwa upole na taratibu. Laiti tungelirudisha hivyo! Na *mgombea* limetoka katika kugomba, ndiyo sababu, labda, ya makelele yale. Basi mgombea akija ibadani na aketi pamoja na watu, aimbe, atoe sadaka yake katika kapu lile lile la wajane. Akileta mabati ya paa, wazee wayapokee kwa shukrani kama ya mshariki mwingine ye yote, au wayakatae. Lakini mimbari haikodishwi kwa mabati. Mwalimu atakayempa nafasi ya kunena mbele ya madhabahu leo, atatakiwa na mpinzani wake Jumapili ijayo, na ya tatu hatakuwa na mahali pa kuhubiria Neno la Kristo.

Sasa limebaki lililo zito. Je, mtumishi huyu wa mkate akitaka na roho?

Luther aliulizwa hivyo mapema, wakati Duke Georg wa Saxony alipokataza Agano Jipya la Kijerumani na kuamuru vitabu virudishwe mikononi mwa maafisa. Mwaka 1523 Luther aliandika kitabu juu ya utawala wa dunia na mpaka wa utii wetu kwake. Jibu lake ni la ajabu kwa jinsi lilivyo dogo na thabiti: msiwapelekee hata ukurasa mmoja, lakini wakija kupekua nyumba na kuvichukua, msipigane, vumilieni. Utawala wafika mwilini na malini, wala hauna ufunguo wa moyo.

Walutheri wa Norwei walilazimishwa kuyasoma tena maneno hayo. Majeshi ya Ujerumani yaliingia nchi yao tarehe 9 Aprili 1940. Askofu Eivind Berggrav wa Oslo, mwaka 1941, aliandaa hotuba yenye jina la mwendesha gari aliyeshikwa na wazimu, akionyesha kutoka kwa Luther kwamba iko saa ambayo kutotii ni wajibu. Tarehe 1 Februari 1942 Vidkun Quisling aliwekwa kuwa mkuu wa serikali chini ya Wajerumani. Siku ile ile, katika kanisa kuu la Trondheim, polisi waliwazuia watu wasiingie katika ibada ya Dean Arne Fjellbu. Nao wakasimama nje katika baridi kali wakiimba wimbo wa Luther wa Mungu aliye ngome. Fjellbu akaondolewa kazini. Tena ikatoka sheria ya kuwatia watoto, tangu umri wa miaka 10, katika chama cha vijana cha watawala. Hapo mkono ulikuwa umekwisha kuvuka kutoka penye mkate hata penye roho ya mtoto aliyebatizwa.

Maaskofu wa Norwei walikuwa watumishi wa serikali, wakilipwa nayo. Wote saba, tarehe 24 Februari 1942, wakaandika kwamba waziweka chini kazi zote walizopewa na serikali. Bali kazi waliyopewa penye madhabahu, ya kulihubiri Neno na kuwachunga watu, hawaiweki chini, kwa sababu haikutoka kwa serikali. Sikukuu ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, wachungaji walio wengi sana wakafanya vivyo hivyo mbele ya sharika zao. Hawakushika silaha, wala hawakukimbia. Berggrav alikamatwa mwezi ule, akafungiwa katika nyumba ndogo msituni, peke yake na walinzi, hata Aprili 1945.

Wachungaji wale waliendelea kubatiza na kuzika na kuwafariji watu, ijapokuwa mshahara wa serikali ulikatwa. Hata vita vilipokwisha mwezi wa Mei 1945, riziki yao ililetwa na washarika wenyewe, kila nyumba kwa kadiri ilivyopata, katika miaka ambayo chakula chenyewe kilikuwa kwa kipimo.