Si Lazima Uupende Mwili Wako

Siku hizi ushauri ni mmoja kila mahali: jipende. Simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni mrembo, mambo yatakuwa poa. Kwa mtu anayetoka kwenye tatizo la ulaji kama anoreksia au bulimia, ushauri huu umegeuka mtihani wa mwisho. Ukipita, umepona. Ukianguka, bado wewe ni mgonjwa. Lakini je, mtihani wenyewe ni wa haki?

Chukua kijana wa trans, mwanamume aliyezaliwa akaitwa msichana. Alianza kujinyima chakula alipobalehe, kifua kilipojaa na hedhi ikaja. Njaa ilimpa kimya fulani. Njaa hiyo hiyo ingemuua, maana anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na moyo hauulizi ulikuwa na sababu gani. Kwa hivyo lazima ale. Sasa akila, kinachorudi ni mwili ule ule aliokuwa anaukimbia. Hedhi inarudi, daktari anafurahi, nyumbani wanamshukuru Mungu, naye anajifungia bafuni alie.

Furaha ya daktari ina historia yake. Hadi 2013, DSM, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ulitaka mwanamke aliyebalehe awe amekosa hedhi mara tatu mfululizo ndipo aambiwe ana anoreksia. Toleo la tano liliondoa sharti hilo, ila picha ilibaki vichwani mwa wengi: mgonjwa ni msichana anayetaka kuwa mwembamba, na kupona ni kurudi kuwa msichana. Mtu ambaye hakuwa msichana tangu mwanzo atarudi wapi?

Wenye usonji nao mtihani huu unawaangusha, kwa njia nyingine. Tangu 1983, daktari Christopher Gillberg wa Uswidi aliuliza kama usonji na anoreksia vina uhusiano. Na wako ambao shida yao haihusiani na kioo hata kidogo. Ni mrenda unaoteleza kooni. Ni harufu ya omena iliyojaa nyumba nzima. Ni githeri, ambayo kila kijiko kina mshtuko wake. Tatizo la aina hii liliingia kwenye DSM mwaka huo huo wa 2013 kwa jina la ARFID. Hapa kwetu lina majina ya zamani zaidi: madharau, kudekezwa, "kwani unafikiri hapa ni hoteli?" Kumwambia mtu kama huyo aupende mwili wake ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho. Hospitali ya Maudsley, London, ilipoanzisha mpango wa PEACE kwa wagonjwa wa ulaji wenye usonji, ilishughulika na vitu kama rangi tulivu za wodi na menyu isiyo na ladha kali. Yaani walirekebisha chumba kabla ya kumlaumu aliye ndani.

Najua kuna msomaji ameshasema: hayo ni mambo ya mababi, watu wanalala njaa Kenya hii. Ni kweli wanalala njaa. Lakini nyumba yenye chakula kidogo ndiyo inayoficha tatizo hili vizuri zaidi. Nani atamuuliza anayesema "nimeshiba, wapeeni watoto"? Anasifiwa kwa roho safi.

Kuna jambo lingine linalofanya neno "jipende" liwe jepesi mno kwa kuchu wa hapa. Mwili wake haujawahi kuachwa uwe wake peke yake. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai bado kipo, na adhabu yake ni hadi miaka 14. Ilibidi tufike 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa, Mombasa, iseme ni haramu kuwapima wanaume kwa nguvu njia ya haja kubwa kutafuta ushahidi. Mwili ambao serikali iliugeuza kielelezo cha kesi, na shangazi anaukagua mlangoni, "aki umekonda, kwani unaugua?", hauwezi kupendwa kwa amri.

Mimi nadhani tunadai kitu kikubwa mno mahali ambapo kidogo kingetosha. Fikiria majirani wa ploti moja wanaotumia mfereji mmoja. Si lazima wapendane. Wengine hata salamu ni kwa shida. Lakini humfungii jirani maji. Kuulisha mwili ni wajibu wa aina hiyo, na unaweza kuutimiza siku ambayo mapenzi hayapo kabisa. Na kama unataka kuibadilisha nyumba unayoishi, upate jina lako, nguo zako, daktari anayekusikiliza, hiyo ni haki yako. Ila huwezi kuibadilisha nyumba iliyoanguka. Ndiyo maana unakula leo.

Anayekula wali mweupe na mayai yale yale kila siku, akapata nguvu ya kwenda kazini na kucheka na marafiki, kwangu amepona vya kutosha kuanza kuishi. Mengine yatakuja, au hayatakuja.

Na sisi tunaokaa naye mezani? Tunaweza kuacha kuhesabu vijiko vyake. Tunaweza kukaa bila kutaja mwili wa mtu, si kwa kuusifu wala kwa kuuhurumia. Weka sufuria katikati, sema "jipakulie", kisha uendelee na hadithi uliyokuwa ukisimulia.