Mbuzi Aliyekuwa Wake Tayari

Andiko: Luka 15:25-32

Mwana mpotevu tumemhubiri mpaka naona amechoka. Wiki hii nataka tumwangalie kaka yake, yule aliyebaki nyumbani. Kusema kweli, huyu namwelewa kuliko mdogo wake.

Mimi sikuwahi kwenda nchi ya mbali. Niliokoka nikiwa shule ya upili, nikasoma digrii ya biashara, nikapata kazi, na fungu la kumi nilianza kulitoa na mshahara wa kwanza. Halafu siku moja nikaitwa ofisini nikaambiwa nafasi yangu haipo tena. Miezi minane nikazunguka na bahasha ya vyeti. Usiku mmoja kwenye kesha, wengine wakiabudu, mimi nilikuwa namsomea Mungu hesabu: nimetoa hivi, nimefunga siku hizi, nimepanga viti kanisani miaka sita. Na yule ndugu aliyerudi kwa Bwana juzi tu, ati tayari ameajiriwa! Nilikuwa kama mwenye duka anayemfungulia mteja kitabu cha madeni.

Asubuhi nikampigia mamangu nimlalamikie. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kama Mungu ni bosi wako, tafuta bosi mwingine. Kama ni babako, ongea naye kama babako." Nilikasirika sana.

Sasa soma mstari wa 29. Huyu kaka anahesabu miaka aliyotumika, amri alizoshika, na mbuzi ambaye hakupewa. Hebu tafuta neno "baba" kwenye maneno yake. Halipo. Mdogo wake, pamoja na harufu ya nguruwe, bado alisema "baba". Lakini huyu aliyelala boma moja na mzee kila siku anaongea kama kibarua anayedai malimbikizo.

Kuna kitu kingine nilikipita miaka mingi, kiko mstari wa 12. Mdogo alipodai urithi, baba hakumpa yeye peke yake. Aliwagawia wote wawili. Na sheria ya Kumbukumbu la Torati 21:17 inampa mzaliwa wa kwanza sehemu mbili. Wana wawili, sehemu tatu, kwa hivyo theluthi mbili ni za huyu anayenung'unika nje. (Mniwie radhi, hesabu ndizo nilisomea.) Yaani anamlilia mbuzi mmoja katika zizi ambalo ameshaandikiwa! Na andiko halituambii popote kwamba aliwahi kumwomba. Alijua kazi zote za shamba, lakini mwenye shamba hakumjua.

Ndugu yangu, dada yangu, mtu anaweza kuimba kwaya, kulipa ahadi zote za ujenzi, na bado akawa hivyo. Yesu mwenyewe katika Yohana 17:3 anasema uzima wa milele ni kumjua Mungu. Hapo hakutaja viti.

Sitawadanganya kwamba kazi ilikuja kesho yake. Haikuja. Ila niliacha kumpelekea Mungu orodha. Wiki nzima nikipiga magoti nilisema "Baba", halafu nikanyamaza. Ilikuwa ngumu, jamani, ulimi haukuwa umezoea. Siku ya nne ama ya tano nikalia, na sikuwa nalilia kazi. Ndipo nikaelewa kwa nini Paulo katika Warumi 8:15 anasema ni kwa Roho tunaweza kulia neno hilo.

Luka hatuambii kama kaka aliingia ndani. Anatuachia baba amesimama nje, ameacha karamu na nyama, anambembeleza.

Jumatano kwenye maombi ya jioni nitakaa kiti cha mbele, upande wa kushoto. Kama wewe pia uko nje na kitabu chako cha madeni, njoo tu tuombe. Huhitaji kunieleza mengi.