Picha ya Mji na Mji Wenyewe

Soma Ufunuo 3:1–3.

Mwaka 1572, kitabu cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichochapwa Cologne, Ujerumani, kiliwaonyesha wasomaji wa Ulaya picha ya Kilwa, mji uliosimama kando ya bahari. Lakini Wareno walikuwa wameupora tangu 1505. Miaka ya 1960, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100, lilikuwa magofu.

Huenda mchoraji hakukusudia kudanganya. Sardi nayo ilikuwa na jina la kuwa hai. Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe, daftari la darasa huweza kujaa majina, huku mshiriki aliyeacha kuja hajatembelewa tangu robo iliyopita. Je, taarifa hiyo ni uongo, ikiwa kila jina ni la kweli? Ndiyo, tukiridhika nayo.

Hata hivyo, Kristo hakuifunua hali ya Sardi ili kuiaibisha. Aliiagiza iimarishe yaliyosalia.

Ni nani katika daftari la darasa lenu mtakayemtembelea kabla ya Sabato ijayo?