Udhuru wa Umbali

Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikafukia nyumba Gendabi na sehemu za mji wa Katesh, jirani na Mogitu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, COP28. Akiwa huko huko alitoa maagizo: Serikali igharamie mazishi na matibabu ya majeruhi. Kiofisi, kazi ilikuwa imefanyika. Hata hivyo alikatisha safari, akapanda ndege, na Desemba 7 alikuwa Katesh akiwapa wafiwa pole.

Kwa nini pole ya Dubai haikutosha?

Wanasiasa wana sababu zao, hilo linajulikana. Lakini mtoto wa Mogitu anayeishi Oslo, Muscat au Minneapolis analijua swali hilo bila siasa yoyote. Kwa miaka ametuma hela ya dawa, ada na michango ya misiba. Akipiga simu, salamu zikiisha, shangazi anauliza: “Sasa mwanangu, unakuja lini?”

Mila za Hanang na Mbulu zinamtaka mtu mwenyewe. Mzee wa heshima akifa, Wadatoga humjengea bung'eda, kaburi linaloinuliwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe na kushikiliwa na miti. Shughuli huchukua miezi, kwa desturi kama tisa, na jamaa wa damu na wa ndoa huja kushiriki. Aliye mbali anaweza kutoa ng'ombe. Kusiliba udongo atasilibiwa na wengine. Kwa Wairaqw, wanaomwita Mungu Looa na kumwona kama mama, kuna slufay, maombi ya baraka ambayo mzee huyatamka na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Kanisa Katoliki, lenye jimbo lake Mbulu, limeshika njia hiyo hiyo: mwaka 2002 Vatikani ilisema wazi kwamba hakuna sakramenti kwa njia ya intaneti.

Uislamu ni mpole zaidi kwa aliye mbali. Kuunga udugu ni wajibu, lakini wanazuoni huupanga kwa ngazi kulingana na uwezo wa mtu, na salamu peke yake ni ngazi mojawapo. Asiye na nauli, au asiye na karatasi za kumruhusu kutoka na kurudi, hadaiwi asichokiweza. Ni mafundisho yenye huruma, na wahamiaji wengi, hata wasio Waislamu, huishi kwa kuyategemea.

Tabu ni kwamba uwezo wenyewe umebadilika. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, kisha akasoma El Paso, Texas. Aliyekwenda Marekani zama hizo hakulaumiwa kwa kukosa maziko ya baba mdogo; habari yenyewe ingemfikia kaburi limeshaota nyasi. Ndege zilionekana, ndiyo, hasa Haydom, ambako hospitali iliyoanzishwa na Wanorwei mwaka 1955 ina kiwanja chake, lakini zilikuwa za madaktari na wagonjwa. Leo anayeondoka Amsterdam asubuhi hushuka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) usiku, na kutoka hapo lami inafika hadi Katesh. Umbali uliokuwa mapenzi ya Mungu umekuwa suala la pesa na nia, na ndugu wanajua kupiga hesabu. Ndege imempokonya mhamiaji udhuru wake.

Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba aliyekufa huendelea kuishi na watu wake maadamu wapo waliomjua wanaomtaja kwa jina. Mhamiaji anaifikia hali hiyo angali hai: anatajwa mezani, sauti yake inasikika kwenye spika ya simu, na watoto waliozaliwa nyuma yake hawaijui sura yake.

Kwa hiyo anakata tiketi baada ya miaka kumi na zaidi bila kupanda ndege. Anapima masanduku mara tatu yasizidi kilo 23, anatoa viatu, anaongeza miwani ya mama. Nyumbani, kabla ya chai kupoa, anapelekwa makaburini. Pale anaonyeshwa kwa kidole: huyu mjomba, huyu bibi, huyu dogo uliyemlipia ada. Kila mchango aliutuma. Hakuna alipobeba jeneza.

Anayemwonyesha ni kaka yake aliyebaki. Ndiye aliyechimba, ndiye aliyekesha, na mafundisho mengi kuhusu wajibu wa msafiri humpita bila kumtaja. Kwake ujio huu una gharama zake: kuchinja mbuzi, kuazima godoro, na wiki tatu za kusikiliza ushauri wa kilimo kutoka kwa mtu ambaye mara ya mwisho kushika jembe alikuwa darasa la saba.