Toba na Haki Zilizokwisha Kutoka

Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja masharti matatu ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Kisha akaongeza la nne, pale dhambi inapogusa haki ya mja: haki irudi kwa mwenyewe. Mwalimu wangu wa madrasa, Tanga, alilipita haraka hilo la nne. Mimi limenishika kwa miaka, na aliyenifanya nilielewe zaidi ni Python, lugha ninayoandikia programu.

Chukua faili ya faini.py ya chama cha akiba na mikopo. Ndani yake mna KIWANGO cha faini, asilimia 10, na wanachama wamekubaliana kiwe 5. Programu iko kazini na hutaki kuizima, basi unarekebisha faili na kuita importlib.reload. Python inaitekeleza upya tangu mstari wa kwanza, ndani ya moduli ileile. Iulize sasa faini.KIWANGO: 5. Imetubu, na toba yake ni ya kweli.

Ila faili ya ripoti, tangu asubuhi, ilikuwa imeandika from faini import KIWANGO. Ilikwisha kukabidhiwa 10 yake na haina sababu ya kurudi kuuliza. Itaendelea kuwatoza watu 10, na hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Mikopo iliyoundwa kabla ya hapo kwa klasi Mkopo ya faini.py nayo inabaki na klasi ya zamani: ukiuliza kwa isinstance kama ni Mkopo wa sasa, jibu ni False, ijapokuwa jina halijabadilika hata herufi. Tena, ukifuta fomula kwenye faili, kupakia upya hakuiondoi katika moduli. Inabaki humo, inaitika ikiitwa.

Kwa nini Python isiwatafute yenyewe wote wanaoshikilia cha zamani? CPython, yaani Python ya kawaida, huhesabu kitu kinashikwa mara ngapi, lakini haiweki orodha ya wanaokishika. Katika Python 2, reload ilikuwa karibu, unaiita tu. Python 3 iliiondoa hapo, na tangu toleo la 3.4, mwaka 2014, iko ndani ya importlib. Nauafiki uamuzi huo. Jambo zito kama hili mtu alifuate makusudi.

Sasa mfikirie aliyemsingizia jirani wizi. Amelia usiku kucha, ameacha, na naamini Mola anampokea. Lakini waliosikia kibarazani waliondoka na neno lake, na mwenye duka bado anamnyima jirani yule mkopo wa unga. Akisema “nimeshatubu, yamekwisha”, amesema kweli juu ya nafsi yake tu.

Sisi waandishi wa programu tuna njia ya mkato: zima yote, washa upya. Yeye hana. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu aliyesengenya. Wapo wanaosema amwendee aliyemsengenya amwombe radhi. Wapo wanaochelea kwamba kumwambia kutamwumiza upya, wakaona amwombee dua na amsifu katika vikao vilevile alivyomchafulia jina. Kwa masengenyo ambayo mwenyewe hajayasikia, naegemea kwa hawa wa pili. Kwa kesi ya wizi naona hayatoshi yote mawili: lazima aende dukani pia, aseme mbele ya mwenye duka kwamba alisema uongo.