Fidia Ililipwa kwa Nani?

Kukomboa, katika Kiswahili cha kila siku, ni jambo la fedha. Mtu akiweka baiskeli yake rehani kwa wale wakopeshaji ambao hapa Rwanda tunawaita Bank Lambert, siku akipata pesa huenda kuikomboa. Neno hilohilo ndilo Wakristo wanalomwitia Yesu Mkombozi, na ndilo tunalolirudia kila tarehe 4 Julai tunapoadhimisha Siku ya Ukombozi. Kinyarwanda ni makini zaidi: kina gucungura kwa kazi ya Kristo, na kubohora kwa kumfungua aliyefungwa. Sisi tunaosoma Kiswahili tunabeba yote mawili kwa neno moja, na nadhani sehemu ya mkanganyiko wetu inaanzia hapo.

Imani yenyewe inajulikana. Binadamu alianguka, Mungu akakusudia kumrudisha, kusudi hilo likapita kwa Ibrahimu na manabii hadi likafika msalabani. Sina ugomvi nayo, nimebatizwa katika imani hiyo. Ugomvi wangu ni na namna moja ya kuieleza. Mwaka mmoja, katika kipindi cha maombolezo ya mwezi wa Aprili, nilimsikia mhubiri akisema kwamba hata yaliyotupata mwaka 1994 yalikuwa ndani ya mpango wa Mungu, ili taifa lizaliwe upya. Shangazi yangu, ambaye alipoteza watoto watatu, aliinuka akatoka nje. Nikamfuata. Hakuwa analia. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kwa hiyo wale wangu walikuwa bei?"

Swali lake ni la zamani kuliko alivyodhani. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya 4, aliuliza: kama damu ya Kristo ni fidia, ililipwa kwa nani? Ikiwa kwa shetani, basi mnyang'anyi amezawadiwa. Ikiwa kwa Baba, mbona si yeye aliyekuwa ametuteka? Anselmi wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alijibu kwa lugha ya deni: dhambi imemnyima Mungu heshima yake, na hakuna binadamu mwenye uwezo wa kuilipa. Mantiki yake ni safi. Hata hivyo inaacha daftari la hesabu mezani, na mtu akishalizoea daftari hilo, hakawii kuandika humo vifo vya wengine.

Tusisahau kwamba katika Injili ya Yohana anayetamka kuwa ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie ni Kayafa, kuhani mkuu, naye anasema hivyo kama mwanasiasa. Yohana anaongeza kwamba Kayafa alitabiri bila kujua. Aya hiyo imenisumbua sana. Ninavyoielewa sasa, Mungu anaweza kuyatumia maneno ya Kayafa, lakini kuyatumia si kuyatunga.

Hapa Gisenyi tuna habari ya mtu mmoja ambayo haiingii katika daftari lile hata kidogo. Felicita Niyitegeka alikuwa mlei aliyejitoa kwa utume katika Kanisa Katoliki, akifanya kazi katika Kituo cha Mtakatifu Petro. Pasaka ya mwaka 1994 iliangukia tarehe 3 Aprili. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7, wiki ya Pasaka haijaisha. Felicita, aliyekuwa Mhutu, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu 43 aliokuwa nao, afadhali afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili walipelekwa makaburini, mahali panapoitwa Commune Rouge, akauawa huko. Leo ni shujaa wa taifa wa daraja la Imena.

Sasa piga hesabu. Hakufa badala yao, alikufa pamoja nao. Mhasibu angesema hasara imeongezeka kwa mtu mmoja. Mimi sijamsikia mtu yeyote wa Rubavu akithubutu kusema kwamba kifo kile kilipotea bure. Kama tunakiri kwamba kulikuwa na ukombozi pale, basi ukombozi si lazima uwe malipo. Unaweza kuwa ni kukataa kumwacha mtu peke yake mikononi mwa wauaji, na hivyo ndivyo ninavyousoma msalaba: kifo kilipangwa na kina Kayafa, na mpango wa Mungu ulikuwa kutotuacha.

Mwenzangu wa darasani alinipinga. Mtu anayezama Ziwa Kivu, alisema, hahitaji wa kuzama naye, anahitaji kamba. Ni kweli. Lakini Felicita alishika kamba kwa siku zote alizoweza, na wapo waliovuka mpaka kwa sababu yake. Alibaki kamba ilipokatika. Tena Wakristo hawasemi Mungu alikuja kuzama tu, wanadai kwamba siku ya tatu alitoka. Ikiwa dai hilo ni la uongo, Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Sina uwezo wa kulithibitisha katika insha.

Nilimsomea shangazi rasimu ya haya, nikitafsiri kwa Kinyarwanda kadiri nilivyoweza. Habari za Anselmi hazikumgusa. Alinirudisha kwenye ile baiskeli ya mwanzo, akauliza: mtu akishailipia, akaondoka bila kupewa, ameikomboa?

Nikasema hapana, mpaka irudi nyumbani.

"Basi mimi bado nawasubiri," akasema.